Feni ya Rejeta na Kompyuta Mpya ya Injini: Yafaayo Kujulikana Kabla ya Kuunganisha Waya



Kila ufikapo mwezi Julai, wakati joto la mchana jijini Washington huwa wastani wa nyuzi 32 za Sentigredi, huonekana kando ya barabara ya Beltway magari yaliyoinuliwa boneti, mvuke ukifuka. Barabara hiyo, iliyokamilika mwaka 1964 na yenye urefu wa kilometa 103 hivi, ndiyo inayotuunganisha sisi wakazi wa Silver Spring, Hyattsville na Alexandria na kazi zetu, ibada zetu na jamaa zetu. Gari likizidiwa na joto katikati ya daraja la Woodrow Wilson, zamu ya usiku hupotea, watoto hubaki shuleni wakingoja, na silinda hedi iliyopinda huweza kugharimu kuliko thamani ya gari lenyewe.

Tumeonelea kuliandika jambo hili kwa kuwa vijana wengi katika familia zetu wamevutiwa na ufundi wa kununua Toyota au Honda kuukuu, kung'oa kompyuta iliyotoka kiwandani, na kuweka nyingine ambayo mwenye gari huipangia mwenyewe kiasi cha petroli na wakati wa cheche. Kazi hiyo ilienea zaidi mwanzoni mwa miaka ya 2000, Bruce Bowling na Al Grippo walipoitoa MegaSquirt, kompyuta ambayo mtu aliweza kuilehemu mezani kwake. Ni elimu nzuri. Lakini fundi kijana huzama katika mambo ya petroli na cheche, akaisahau feni. Na feni ndiyo inayoiua injini.

Kwa nini feni ihitajike

Gari likienda mbio, upepo wa safari hupita katika rejeta na kuyapoza maji. Foleni inaposimama, upepo hukoma, na feni pekee ndiyo hubaki kuifanya kazi hiyo. Ndiyo maana gari lenye feni mbovu huweza kwenda salama hadi Baltimore, kisha likachemka kwenye taa za Georgia Avenue. Asiyelijua hilo hubadilisha rejeta na pampu ya maji bure.

Rilei ni bawabu

Feni ya umeme hula mkondo mkubwa: ampea 20 hadi 30 ni jambo la kawaida, na inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo kwa nukta chache. Njia ya kompyuta inayotoa amri haikuumbwa kubeba mzigo huo. Nyingi hubeba ampea moja au chache tu. Anayeiunganisha feni moja kwa moja na kompyuta ataiunguza siku ya kwanza.

Dawa yake ni rilei. Mfano wake ni bawabu mwenye nguvu: mwenye nyumba huashiria kwa kidole, naye bawabu akalisukuma lango zito. Koili ya rilei huhitaji sehemu ya tano ya ampea moja tu, au pungufu, kiasi ambacho kompyuta hukimudu bila taabu.

Rilei ya kawaida ya magari ina miguu minne yenye namba. Mguu wa 30 hupokea umeme wa betri kupitia fyuzi. Mguu wa 87 hupeleka umeme huo kwenye feni, na waya wa pili wa feni hufungwa imara kwenye bodi au kwenye upande hasi wa betri. Mguu wa 86 hupokea umeme unaokuja pale tu swichi ya gari inapowashwa. Mguu wa 85 huenda kwenye kompyuta, ambayo aghalabu hutoa amri kwa kuuunganisha mguu huo na upande hasi.

Yapo mambo matatu yasiyofaa kupuuzwa. Kwanza, fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwani waya usio na fyuzi ukichubuka na kugusa bodi huwasha moto. Pili, unene wa waya ulingane na fyuzi. Kwa fyuzi ya ampea 30, waya wa namba 10, yaani milimita mraba 5 na kidogo, hufaa. Tatu, mguu wa 86 usipewe umeme wa kudumu wa betri, kwa kuwa katika kompyuta kadhaa umeme hupenya kinyumenyume kupitia koili, nayo kompyuta ikabaki macho usiku kucha na kuimaliza betri.

Inafaa pia kuchagua rilei yenye daiodi au kikinza ndani yake, ili msukumo wa umeme unaotoka katika koili inapozimwa usiidhuru kompyuta.

Kupanga nyuzi za joto

Baada ya waya huja mipango. Feni haifai kuwaka na kuzima kwenye kipimo kimoja, kwani itapigapiga hadi rilei ichakae. Kama thamostati hufunguka kwenye nyuzi 82, feni yaweza kuwashwa kwenye 95 na kuzimwa kwenye 90. Ikizimwa chini ya kipimo cha thamostati, haitazima kamwe siku ya joto.

Hapa wageni tulio katika nchi hii tuwe waangalifu. Sisi tulikulia katika Sentigredi, na programu nyingi za huku huonyesha Farenihaiti. Nyuzi 95 za Sentigredi ni 203 za Farenihaiti. Anayeandika 203 mahali panapotaka Sentigredi hataisikia feni ikizunguka mpaka injini imekufa.

Kompyuta ifundishwe pia kuwasha feni kiyoyozi kinapofanya kazi, na iwashe feni sensa ya joto inapoharibika. Waya wa sensa ukikatika, kompyuta hudhani injini ni baridi kama barafu, nayo haiwashi chochote.

Kujaribu kabla ya kuamini

Kabla ya kuifunga kompyuta, washa swichi, kisha ugusishe mguu wa 85 na upande hasi kwa waya mfupi. Rilei italia, na feni itazunguka. Shika karatasi mbele ya rejeta: feni iliyo nyuma yake huivuta karatasi. Ikiisukuma, nyaya za feni zimepishana. Kisha iache injini iungurume mahali ilipo, ukitazama kipimo, mpaka feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili. Mikono ikae mbali, na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe wakati wa joto, kwani maji yaliyobanwa humo hupita nyuzi 100 bila kuchemka, kisha huruka usoni mara kifuniko kilegeapo.

Sheria nayo isisahauliwe

Wilaya ya Columbia, Maryland na Virginia ya Kaskazini hupima moshi wa magari, na magari mengi ya mwaka 1996 na baadaye hupimwa kwa kuulizwa kompyuta yake kupitia plagi maalumu. Kompyuta mpya isiyojibu hapo hulifelisha gari, na sheria ya nchi nzima ya hewa safi hukataza kuviharibu vyombo vya kuzuia moshi. Basi gari la familia, linalopeleka watoto shuleni na wazazi kazini, liachiwe kompyuta yake ya kiwandani. Majaribio yafanywe kwenye gari la mashindano lisilotegemewa na nyumba.

Wazazi wasiwavunje moyo vijana hawa. Mtoto anayeweza kueleza kwa nini rilei inahitajika, na kwa nini fyuzi hukaa karibu na betri, amekwisha kuupata msingi wa kazi ya heshima. Wakae naye gereji jioni moja, wamshikie taa, na wamwombe awaeleze kila waya unakokwenda. Ule asioweza kuueleza, asiuunganishe kwanza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.