Besiboli: Jarrod Dyson, mtu wa benchi aliyeiba vituo kuliko nyota

Mwaka wa 2013, Mike Trout, nyota wa Los Angeles Angels, alicheza michezo 157 na kuiba vituo 33. Mwaka huohuo, Jarrod Dyson wa Kansas City Royals, ambaye hakuwa na nafasi ya kudumu katika timu yake, alicheza michezo 87 tu. Lakini yeye aliiba vituo 34.

Hesabu hiyo ndogo inaonyesha sababu gani, kila msimu wa besiboli unapokaribia Marekani, wapenzi wa mchezo wa fantasi hutafuta mtu wa benchi mwenye mbio. Historia ya Dyson inaonyesha pia mahali ambapo tumaini hilo linaishia.

Kwa msomaji aliyezoea mpira wa miguu: katika besiboli, mchezaji aliyefika kituo cha kwanza anaweza kukimbilia cha pili wakati mrushaji anarusha mpira kwa mpigaji. Akifika kabla mlinzi hajamgusa na mpira, ameiba kituo. Akiguswa, anatoka na timu yake inapoteza nafasi.

Fantasi nayo inafahamika kwa vijana wanaofuata Ligi Kuu ya Uingereza: unachagua wachezaji wa kweli, na kile wanachofanya uwanjani kinakupa alama. Ya besiboli, kwa namna inayochezwa hadi leo, ilianza mwaka wa 1980 na mwandishi Daniel Okrent na marafiki zake. Jina lake, Rotisserie, lilitoka kwa mgahawa wa New York ambamo walikutana, La Rôtisserie Française.

Katika hesabu ya kawaida, wapigaji wanapimwa kwa mambo matano: wastani wa kupiga, mipira iliyopigwa nje ya uwanja, wenzao waliowawezesha kufunga, mara walizofunga wenyewe, na vituo walivyoiba. Kwa hiyo wizi wa vituo una uzito sawa na mipigo mikubwa inayosimamisha uwanja mzima. Mtu anayefanya jambo hilo moja tu, lakini kwa wingi, anaweza kuinua timu nzima kwenye fungu hilo.

Dyson alikuwa mtu wa namna hiyo. Alizaliwa McComb, katika jimbo la Mississippi. Mwaka wa 2006 Royals walimchagua katika awamu ya 50, iliyokuwa ya mwisho kabisa. Alipofika timu kubwa, alikuta nafasi za nje zimeshikwa: Alex Gordon upande wa kushoto, kisha Lorenzo Cain katikati. Yeye aliingia mmoja wao alipopumzika au kuumia, ama mwisho wa mchezo ili kukimbia mahali pa mwenzake mzito. Kutoka 2012 hadi 2016 aliiba vituo 30, 34, 36, 26 na 30. Katika miaka hiyo yote, hakuna msimu aliocheza zaidi ya michezo 120.

Kazi yake kubwa ilionekana tarehe 30 mwezi wa tisa 2014. Royals, ambao hawakuwa wamefika mchujo tangu 1985, walikuwa nyuma 7-6 mbele ya Oakland, na ulikuwa mzunguko wa tisa, ambao kwa kawaida ni wa mwisho. Dyson aliingizwa kukimbia, akaiba kituo cha tatu, kisha akafunga la kusawazisha. Royals walishinda 9-8. Mwaka uliofuata, katika mchezo wa mwisho wa fainali dhidi ya New York Mets, aliingia mahali pa Salvador Perez katika mzunguko wa 12, akaiba kituo cha pili na kufunga la kutangulia. Royals wakawa mabingwa.

Lakini kwa mwenye timu ya fantasi, siku zote mbili zilikuwa sifuri. Ligi nyingi za fantasi zinahesabu msimu wa kawaida tu, si mchujo.

Katika miaka hiyo, swali lilikuwa moja: kama anaiba 34 katika michezo 87, akipewa nafasi kila siku ataiba 60? Jibu lilipatikana mwaka wa 2017. Royals walimpeleka Seattle Mariners, na huko alicheza mara kwa mara zaidi. Alicheza michezo 111 na kuiba vituo 28, kisha maumivu yakamzuia kumaliza msimu.

Sababu si ngumu kuona. Mtu wa benchi anaingia akiwa na miguu mipya, saa ambayo kocha ameichagua, na mara nyingi anawekwa kituoni bila kupiga mpira. Akianza kila siku, lazima afike kituoni kwa nguvu zake mwenyewe, na mwili unachoka. Kuzidisha hesabu ya benchi kwa michezo 162 ya msimu ni kujidanganya.

Tangu 2023, bei ya watu kama yeye imepungua tena. Ligi ilipanua vituo na kupunguza mara ambazo mrushaji anaweza kusumbua mkimbiaji. Wizi wa vituo ukapanda kutoka 2.486 mwaka wa 2022 hadi 3.503 mwaka wa 2023. Ronald Acuña Jr. wa Atlanta Braves peke yake aliiba 73, na kupiga mipira 41 nje ya uwanja. Bidhaa ikijaa sokoni, bei inashuka.

Basi anayepima mchezaji wa akiba kabla ya msimu aangalie kwanza walio mbele yake. Mwaka wa 2015, Gordon alipoumia mwezi wa saba na kukosekana karibu miezi miwili, Dyson alipata nafasi zaidi ya kucheza. Huo ndio wakati wa kumchukua mtu wa namna hiyo: mlango unapofunguka, kwa wiki chache, timu ikipungukiwa na mbio. Kumnunua mwanzoni, kwa ndoto ya vituo 60, ni kulipia msimu ambao hata Dyson hakuupata.