Kambi ya likizo madrasani: Kabla ya kulipa ada, nenda kaangalie choo



Shule zinapofungwa mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili, misikiti na madrasa zetu nyingi huandaa kambi za kutwa kwa watoto na vijana. Mtoto hufika asubuhi, husoma Qur'an, fiqhi na adabu, hucheza mpira, hula chakula cha mchana, huswali Adhuhuri na Alasiri kwa jamaa, kisha hurudi kwao. Ni jambo la kheri, na mimi mwenyewe nimelelewa kwenye jamvi la madrasa, hivyo siandiki haya ili kukuvunja moyo. Mpeleke mwanao. Ila kabla hujatoa ada, omba uonyeshwe choo.

Huenda ukacheka. Hata mimi ningecheka kabla ya Desemba 2023.

Siku ya tatu ya kambi moja hapa Tanga (sitaitaja madrasa, walimu wake ni watu wema na makosa wameshayarekebisha) aliletwa zahanati kwetu binti wa miaka 12 akiwa ameshikiliwa na ukhti anayewafundisha. Alikuwa analia miguu na mgongo. Midomo ilikuwa imekauka na weupe wa macho una umanjano.

"Shikamoo daktari," akanisalimia, na maumivu yake yote.

"Marahaba mwanangu. Leo umekunywa maji mara ngapi?"

Akainama, hakujibu. Muuguzi wetu, ambaye ni mama mtu mzima, akamsogelea, ndipo akamnong'oneza kwamba tangu asubuhi hajanywa hata funda moja, na jana yake hivyo hivyo. Ukinywa maji utataka kwenda chooni, na choo cha wasichana hakina mlango.

Mama yake alipofika ndipo tukajua la pili. Mtoto ana selimundu, ule ugonjwa ambao wengi tunauita siko seli, na anahudhuria kliniki tangu akiwa mdogo. Ukhti alikuwa hana habari. "Daktari, niliogopa wakijua watamkataa," alisema mama. Sikumlaumu. Nilimwuliza ukhti kama nao waliuliza. Akanionyesha fomu ya kujiandikisha: jina la mtoto, juzuu aliyofikia, saizi ya fulana, kiasi cha ada kilicholipwa. Basi.

Ndugu msomaji, chembe nyekundu za damu za mtu mzima wa afya ni laini na za mviringo, hupenya kwenye mishipa midogo bila tabu. Za mwenye selimundu hujikunja mfano wa mundu, hasa mwili unapopungukiwa maji, unapopigwa na baridi, unapochoka sana au unapopata homa. Zikishajikunja hunasiana na kuziba mishipa, na sehemu iliyokosa damu huuma maumivu makali mno. Kwa hiyo kwa binti yule, mlango uliokosekana chooni ulimfikisha kwenye dripu na sindano za kutuliza maumivu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na maradhi haya, kwa hiyo kambi yenye watoto mia moja na zaidi isijidanganye kuwa hana hata mmoja.

Wala usiseme, "Mwanangu hana selimundu, hayanihusu." Mtoto mwenye afya akinyimwa maji katika joto la mwambao huumwa kichwa, hutapika, huanguka. Binti anayebana mkojo kutwa na kunywa maji kidogo hujiweka karibu na maambukizi ya njia ya mkojo. Na sisi walimu tuna kosa letu hapa. Nilipokuwa mwanafunzi, kuomba ruhusa ya kwenda haja ilikuwa ni kuonekana mtoro. Ulisubiri mpaka ustadhi amalize kusikiliza hizbu. Ilhali dini yenyewe imetukataza kuswali huku tumebanwa na haja. Ikiwa swala inasubiri, itakuwa hizbu?

Sasa tuhesabu. Mwongozo wa vyoo vya shule nchini kwetu unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Kambi yenye wasichana 80 na wavulana 60 inahitaji matundu manne ya wasichana na matatu ya wavulana. Kambi ile ilikuwa na mawili kwa jumla. Ikiwa madrasa haina uwezo wa kujenga, ipunguze watoto, au iwagawe kwa wiki, kundi moja baada ya jingine. Mlango haungoji mfadhili. Wao waliutengeneza kwa mbao na bati, na kitasa cha kufungia kwa ndani, kazi ya fundi ya siku moja.

Kwa mabinti waliokwishabaleghe yapo zaidi ya mlango. Panatakiwa maji humo humo ndani, ndoo yenye mfuniko ya kutupia taulo za hedhi, na mwalimu wa kike ambaye binti anaweza kumwendea bila kuona haya. Pasipokuwa na hayo, binti atabaki nyumbani siku zake zikifika, au atakuja na kukaa na taulo moja kutwa nzima.

Jambo jingine nililoliona katika kambi nyingi ni pipa moja la maji na kikombe kimoja kilichofungwa kamba. Kila mtoto anachota na mkono wake unazama. Mtume (S.A.W.) alikataza kunywa kwa kuweka mdomo kwenye mdomo wa kiriba, akakataza kupumulia ndani ya chombo, na akaamrisha vyombo vifunikwe, pipa hilo limekusanya yote matatu. Ndoo yenye koki na mfuniko inatosha, na kila mtoto aje na kikombe au chupa yake yenye jina. Maji yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa. Wakati wa michezo kwenye joto, mtoto wa miaka 9 hadi 12 anahitaji mililita 100 hadi 250 kila baada ya dakika 20, yaani kiasi cha nusu kikombe cha chai hadi kikombe. Usingoje aseme ana kiu. Mfundishe aangalie mkojo wake: ukiwa na rangi ya chai, amechelewa kunywa.

Tena tusichanganye udhu na sabuni. Mtoto akitoka chooni akaenda kutawadha, mkono wake umetwaharika kwa ajili ya swala, lakini maji matupu hayaondoi vijidudu vya kinyesi kama yanavyoondolewa na sabuni. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) baada ya kujisafisha alisugua mkono wake ardhini. Sisi tuna sabuni, na kipande kimoja kwenye kamba karibu na bomba ni bei ndogo kuliko kutibu kuhara kwa darasa zima.

Kuhusu chakula nitasema moja tu: pilau iliyopikwa alfajiri ikaachwa sufuriani mpaka Adhuhuri si salama. Iiveni karibu na wakati wa kula, iliwe ya moto.

Narudi kwenye fomu, kwani hilo ndilo lililo mikononi mwako leo, mzazi. Hata kama haikuulizwi, geuza karatasi uandike nyuma: selimundu, pumu, kifafa, kisukari, au chakula kinachomdhuru, dawa anazotumia na saa zake, namba za simu mbili, si moja. Mweleze mwalimu ana kwa ana kwamba mtoto huyu anaruhusiwa kucheza, ila apumzike akichoka, anywe maji bila kuomba ruhusa, na asibaki na nguo mbichi siku wakienda baharini. Mwalimu naye ajue dalili zisizongoja mzazi afike: homa, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, na maumivu yasiyotulia. Kwa wavulana wenye selimundu ipo nyingine ambayo huificha kwa haya, nayo ni uume kusimama kwa muda mrefu na kuuma bila ya matamanio. Hiyo ni dharura ya hospitali, na baba ndiye wa kumwambia mwanawe mapema.

Juni 2024 nilipita kambini pale kwa ombi lao. Fomu ilikuwa na mistari mitano mipya ya afya, na katika watoto 110 waliojiandikisha wazazi wanne waliandika selimundu. Miaka yote ya nyuma hakuna aliyejua kama yupo hata mmoja. Binti yule alikuwa miongoni mwao, amekaa safu ya mbele na chupa yake ya maji pembeni ya msahafu.