Kwa Nini Hatukuivunja Nyumba ya Bibi

Ndugu wanachama, tangu msimu uliopita kwisha wengi wenu mkipita njiani hutusalimu, kisha hutazama nyumba yetu na kutuuliza swali moja: "Karafuu mlipata, mbona hamkujenga?" Swali hilo ni la haki, kwani desturi yetu Pemba ni kwamba mwaka wa karafuu nyingi ndio mwaka wa nyumba, wa arusi na wa safari ya Makka. Basi twaona yafaa tulijibu hapa katika gazeti la chama chetu, tusije tukalijibu mara mia njiani.

Nyumba yenyewe wengi mwaijua, nje kidogo ya mji wa Wete. Aliijenga babu yetu, Mungu amrehemu, kwa mawe, udongo na chokaa, akaweka boriti za mikoko. Unene wa kuta zake wapata dhiraa moja. Paa lilikuwa la makuti, na baadaye likawa la mabati. Mbele ipo baraza na kiwanja tunachotandika majamvi ya kuanikia karafuu. Nyuma upo ua, na uani jiko la mafiga. Lakini hatutaki kuisifu kupita kiasi. Chokaa ilikuwa imebanduka, ukuta mmoja una ufa, mabati yametoboka, na wakati wa kaskazi joto la chini ya bati lilikuwa halikaliki adhuhuri.

Kijana wetu mkubwa alikuwa na shauri lake: ivunjwe, ijengwe ya matofali ya saruji. Alikwisha mleta fundi, naye akamhesabia mifuko 180. Siku moja akamwambia bibi yake barazani, "Bibi, nyumba hii ishachoka." Bibi akamjibu, "Nami nishachoka, mjukuu wangu. Na mimi utanivunja?" Tulicheka sote, ila yeye hakucheka, kwa sababu alikuwa na haki yake. Yeye ndiye apandaye juu ya mikarafuu, na alitaka jasho lake lionekane.

Ikawa shauri kwamba tungoje mwezi mmoja, na katika mwezi huo tuandike katika daftari la karafuu kila kitu nyumba hiyo inachokula: kuni, makaa, mafuta ya taa na umeme. Kila mtu aliingia katika hesabu hiyo kwa nia ya kumshinda mwenzake. Matokeo yake yalitushinda sote.

La kwanza lilikuwa kuni. Mafiga matatu ya uani yalikula mizigo mitatu kila wiki, yaani zaidi ya mizigo 150 kwa mwaka. Bibi aliuliza, "Zatoka wapi?" Hapana aliyekuwa na jibu safi. Zamani tuliokota matawi yaliyoanguka. Tulipokwenda shambani kutazama tulihesabu mikarafuu mikavu 11. Mingine ilikufa kwa uzee, lakini mingine tuliimaliza sisi wenyewe, leo tawi bichi, kesho tawi bichi, mpaka mti ukakosa nguvu. Wala hatukupanda badala yake. Nanyi mwajua kama tujuavyo sisi kwamba mche wa mkarafuu wataka miaka 6 au 7, pengine zaidi, kabla ya kuanza kuzaa. Kwa maneno mengine, tulikuwa tukipikia mirathi ya watoto wetu. Tuliona haya, na hata kuliandika hapa twaona haya.

La pili lilikuwa moshi. Mama wa nyumba alikohoa kila asubuhi kwa miaka mingi, nasi tukadhani ndiyo hali yake. Shirika la Afya Duniani lilikisia kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani, wa kuni, makaa na mafuta ya taa, uliua watu milioni 3.2 duniani. Nyumba mpya ya saruji isingaliondoa kikohozi hicho, kwani jiko lingalibaki lile lile uani.

La tatu lililetwa na binti yetu, aliye mwanafunzi wa sekondari. Alituambia kwamba kila kitu tukichomacho hutoa hewa ya ukaa, na hewa hiyo hubaki juu na kulizuia joto la dunia lisitoke. Kabla ya viwanda kuenea duniani, katika kila sehemu milioni za hewa zilikuwamo kama 280 za ukaa. Sasa zimepita 420. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa kiasi cha kilo 2 na nusu. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, mpaka ufike kuwa saruji, umekwisha toa baina ya kilo 30 na 45, kwa sababu ya moto wa tanuri na kwa sababu jiwe lenyewe likichomwa huitoa hewa hiyo. Tulipiga hesabu ya mifuko 180 ya fundi, ikawa zaidi ya tani 5, kabla hata hajaingia mtu ndani. Kuta za babu zimekwisha jengwa. Kuziacha zisimame hakutoi kitu.

Kijana akasema, na wengi wenu mtasema vivyo hivyo, "Sisi ni nani? Viwanda ni vya wenzetu, sisi moshi wetu haufiki popote." Ni kweli. Sehemu yetu ni ndogo mno mbele ya nchi za viwanda, wala hatudai kwamba nyumba moja ya Wete itapoza dunia. Lakini fikirini kazi yetu. Karafuu yataka mvua kwa wakati wake, kisha yataka jua kali siku 4 au 5 hivi juu ya jamvi. Ikikaa na unyevu huvunda na kugeuka rangi, na thamani yake hushuka. Wataalamu wanaeleza kwamba hewa ikizidi joto kwa digrii 1 huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha sehemu 7 katika 100, na ndiyo sababu mvua kubwa huzidi kuwa kubwa. Wazee wa Unguja walionja mwaka 1872 jinsi tufani moja inavyoweza kuyalaza mashamba. Mtu anayekula kwa jua na mvua hana budi kuwa wa kwanza kujali habari hizi, hata kama si yeye aliyeanza kosa.

Basi shauri likageuka: nyumba isivunjwe, bali itengenezwe, na ile tamaa yake ya moto ipunguzwe.

Kuta tulizikwangua, tukaziba ufa kwa mawe yale yale na udongo, tukapiga lipu ya chokaa. Fundi alitaka kupiga saruji juu yake, tukakataa, kwani saruji huzuia unyevu ndani ya ukuta wa udongo na baadaye hubanduka vipande vipande. Chokaa nayo haina usafi wote: kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikichomwa hubaki kilo 56, na zile 44 huenda juu kuwa hewa ya ukaa, mbali na kuni za tanuri. Lakini chokaa ikiwa ukutani hurudisha polepole sehemu kubwa ya hewa iliyotoka katika jiwe, na sisi tulinunua viroba 14 tu.

Mabati tulibadili yale yaliyotoboka peke yake, yote tukayapaka rangi nyeupe, na chini yake tukaweka dari ya majamvi, tukaacha nafasi ya shubiri mbili upepo upite. Adhuhuri sasa bibi hulala chumbani mwake. Zamani alikimbilia chini ya mwembe.

Jikoni tulinunua sufuria ya umeme ya presha. Maharage yaliyokuwa yakila nusu ya mzigo wa kuni huiva kwa chini ya uniti moja. Umeme wetu Pemba tangu mwaka 2010 watoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na kabla ya hapo tulitegemea mitambo ya dizeli. Huko bara Bwawa la Julius Nyerere, katika mto Rufiji, lilianza kutoa umeme mwaka 2024, na mitambo yake 9 ina uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo umeme unaotufikia una nguvu ya maji zaidi kuliko zamani, ingawa gesi bado imo. Kwa siku umeme unapokatika tumejenga jiko la udongo lenye mlango mdogo, nalo hutosheka na makumbi na vifuu vya nazi. Kandili zimetundikwa, usiku zawaka taa za jua.

Makosa yetu pia tuyaseme, msije mkayarudia. Taa za jua za mwanzo tulizinunua kwa urahisi wa bei, zikafa katika mwezi wa nane, na muuzaji hakuonekana tena. Za pili tulichukua zenye dhamana ya maandishi. Tena mafiga hatukuyavunja, maana pilau la arusi la watu 200 halipikiki katika sufuria ya umeme. Yapo uani, yangoja siku yao.

Na kijana? Fedha zilizobaki, ambazo zingalikwenda kwenye saruji, amenunulia miche 60 ya mikarafuu, akaipanda palipokuwa na ile miti 11 na kuendelea mpaka mpakani, chini ya kivuli cha migomba. Miche 9 imekufa kwa jua, naye ameirudishia. Kuni sasa ni mzigo mmoja kwa wiki, tena ya matawi makavu. Mama bado hukohoa, lakini si kila asubuhi. Hatutawadanganya kwamba kijana ameridhika: bado ana hamu ya nyumba yake mwenyewe, na akijaliwa ataijenga. Ila juzi tulimsikia akimuuliza fundi kama kuta za mawe na udongo zaweza kupandishwa ghorofa.

Ndugu wanachama, hatuwaambii msijenge. Twawaomba jambo dogo: kabla ya msimu ujao chukueni daftari, andikeni kwa mwezi mmoja kuni zinazoingia jikoni mwenu na mahali zinapotoka, kisha nendeni shambani mkatazame. Atakayependa kuiona nyumba yetu na aje; siku ya Ijumaa baada ya sala tupo barazani, na chai ipo.