Maana Tatu za Andiko Moja: Mhubiri 11:1 na Mpunga wa Rufiji

Katika Kitabu cha Mhubiri, mlango wa 11, aya ya 1, msomaji aagizwa kukiachilia chakula chake majini, naye aahidiwa kukipata tena baada ya muda mrefu. Wafasiri hawakupatana juu ya maana yake.

Wengine wasema ni sadaka. Rashi, mwalimu wa Kiyahudi wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105, alifundisha kwamba mtu amtendee wema hata yule asiyetumaini kumwona tena. Wengine wasema ni biashara ya baharini, kwa kuwa kitenzi cha Kiebrania chaweza kuwa kutuma, kama mtu atumavyo shehena chomboni. Wengine tena wasema ni kupanda mbegu katika nchi ya mafuriko, kama Misri.

Maana hii ya tatu yaeleweka upesi katika bonde la Rufiji na delta yake upande wa Kibiti. Huko mpunga hupandwa kwa mvua, na mto hufurika baadaye, mara nyingi kati ya Machi na Mei. Mbegu hiyo ni chakula ambacho watu wa nyumbani wangalikila wakati wa njaa; na maji yaileayo yaweza kuichukua, kama mafuriko ya Aprili 2024 yalivyoharibu mashamba mengi.

Lakini mkulima aweza kumjibu mwalimu: “Sisi hatupandi juu ya maji, twapanda kabla hayajaja.” Jibu hilo lisidharauliwe, kwa maana laonyesha mpaka wa tafsiri hiyo.

Tena tuangalie lugha. Neno la Kiebrania ni mkate, na pia chakula kwa jumla. Biblia ya Union ya mwaka 1952 yatumia “chakula”. Kiswahili kina mpunga shambani, mchele ghalani, na wali sahanini. Mfasiri angaliandika “mpunga”, angaliifunga milango miwili kati ya mitatu.

Je, kila maana yakubalika? La, ila ile yenye shahidi katika andiko lenyewe. Aya ya 2 yataja kugawia watu saba, hata wanane, jambo limfaalo mtoa sadaka na mfanyi biashara pia. Aya ya 6 yataja kupanda mbegu. Basi mwalimu azieleze zote tatu, kisha awaulize wanafunzi ni kitu gani wao wenyewe wakiachilia bila kuona marejeo yake.