Mifuko 36 inayoamua safari ya lori la Bujumbura

BUJUMBURA – Kigobe ni mtaa wa Bunge. Ndipo ilipo ile kasri ambamo Baraza la Wawakilishi la Burundi hukaa, na barabara zake si za malori makubwa. Hata hivyo, anayejenga nyumba hapo kwa saruji, vigae au mabati yaliyopitia Dar es Salaam ana hisa katika jambo lililotokea zaidi ya kilomita 1,500 kutoka mlangoni kwake: namna wapakiaji walivyopanga mzigo juu ya tela.

Wafanyabiashara wengi wa njia hii wanajua namba moja tu, nayo ni uzito wa jumla. Wanaambiwa lori la ekseli sita linaruhusiwa tani 50, wanapiga hesabu, wanaona wana tani 46, wanalala usingizi. Asubuhi simu ya dereva inalia: gari limezuiwa mizani.

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyopitishwa na Bunge la Afrika Mashariki mwaka 2013, haiangalii jumla peke yake. Ekseli ya usukani ina kikomo cha tani 8. Ekseli mbili pacha za kichwa, zenye tairi nne kila moja, kikomo chake ni tani 18. Ekseli tatu za nyuma ya tela zenye tairi mbilimbili kila upande huruhusiwa tani 24. Ukijumlisha unapata zile 50. Tela la tairi pana za moja moja huruhusiwa pungufu ya hapo, na hili huwashangaza wanaokodi gari bila kwenda kulitazama. Gari lolote, hata la ekseli saba, halivuki tani 56. Katika kupima ekseli kuna uvumilivu wa asilimia 5, lakini uzito wa jumla hauna uvumilivu wowote.

Kwa hiyo mtu anaweza kuwa chini ya kikomo kwa tani 4 na bado akawa na kosa. Mfano wa kawaida unaonyesha hivyo.

Chukua kichwa kitupu chenye tani 9, ambapo 5 ziko kwenye usukani na 4 kwenye pacha. Tela tupu lina tani 7: 2 zinaegemea kichwa, 5 ziko kwenye magurudumu yake. Pini ya kuunganishia iko mita 1 kutoka ubao wa mbele wa tela, na kutoka pini hadi katikati ya ekseli tatu ni mita 8. Sakafu ya tela ina urefu wa mita 12.5. Kwenye kichwa, sahani inayoshika pini iko mbele kidogo ya ekseli pacha, kiasi cha kuupa usukani sehemu moja ya kumi ya uzito unaoegemea hapo.

Sasa pakia tani 30 za saruji, mifuko 600 ya kilo 50. Wapakiaji wanaanza mbele, wanapanga kwa kimo kimoja, na mzigo unaisha kwenye mita ya 10. Nyuma zinabaki mita 2.5 tupu. Kwa macho, kazi ni safi. Lakini katikati ya mzigo huo ni mita 4 kutoka kwenye pini, yaani nusu ya njia, na nusu ya mzigo inaangukia kichwa. Usukani unapata tani 6.7, tela linapata 20, na ekseli pacha zinapata 19.3. Hata ukiongeza ile asilimia 5, mwisho ni 18.9. Jumla bado ni tani 46.

Dawa yake si kupunguza mzigo. Ondoa mifuko 36 kutoka mita ya kwanza ya mbele, ipange kwenye nafasi tupu mara baada ya mita ya 10. Hizo ni tani 1.8 tu, lakini zimehama mita 10, na kwa nguvu ya wenzo zinaondoa tani 2.25 kwenye kichwa na kuzipeleka nyuma. Pacha zinashuka hadi 17.3, tela linapanda hadi 22.25. Gari limepona, na hakuna mfuko uliobaki Dar.

Asije mtu akasema basi mzigo wote utandazwe sawasawa hadi mlango wa nyuma. Katika mfano huohuo, tani 30 zikitandazwa mita zote 12.5, ekseli tatu za tela zinafika 24.7 na kuvuka kikomo chake. Zinabaki kuokolewa na ule uvumilivu wa asilimia 5 tu.

Nchini Marekani dereva ana njia nyingine. Matela mengi ya huko yana ekseli zinazoteleza: unachomoa pini, unasogeza magurudumu mbele au nyuma tundu moja moja, unafunga tena. Ekseli zikienda mbele zinabeba zaidi, zikirudi nyuma uzito unahamia kichwani. Nako pia kuna mpaka, kwani California hairuhusu ekseli ya mwisho ya tela refu kuwa zaidi ya futi 40, kama mita 12.2, kutoka kwenye pini. Matela mengi yanayopita Kobero yana ekseli zisizosogea. Kinachosogea ni mzigo, na kwenye baadhi ya vichwa, ile sahani ya kuunganishia. Kuisogeza mbele sentimita 20 kwenye mfano wetu, ikiwa usukani na pacha vimeachana mita 4, kunahamisha kilo 850 kwenda usukani na kufupisha gari zima kidogo. Lakini pacha zingebaki na 18.45, na tela lingekaribia kukwaruza kichwa kwenye kona.

Kontena lililofungwa lakiri ya forodha ndilo lenye taabu kubwa. Saruji ya wazi inaweza kupangwa upya pembeni ya mizani ya Vigwaza, Njuki au Nyakahura kwa vibarua na jasho. Kontena la mizigo ya nje haliguswi bila afisa wa forodha, na wakati huo siku zinahesabika, gari linadai, mnunuzi wa Bujumbura anapiga simu. Anayeagiza vigae upande mmoja na vyoo vya kauri upande mwingine aulize mapema vigae vimekaa wapi.

Ukali huu una sababu yake. Majaribio ya barabara yaliyofanywa Illinois mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba uharibifu hukua karibu kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli iliyozidishiwa asilimia 20 huumiza lami takriban mara mbili. Na kwa lori la Burundi kuna Bugarama: kutoka kilele cha zaidi ya mita 2,000 barabara inateremka kwa kona hadi bonde la Ziwa Tanganyika, na huko uzito uliokaa vibaya huangukia breki zilezile chache.

Mwenye mzigo anaweza kudai mambo mawili kabla lori halijatoka ghalani: karatasi ya mizani inayoonyesha kila kundi la ekseli, siyo jumla pekee, na picha ya mzigo ikionyesha nafasi iliyoachwa mbele na nyuma. Dereva mzoefu huvitoa bila kuombwa. Anayejibu kwamba “jumla iko sawa” aulizwe tena kuhusu pacha.