Mishumaa ya Glasi Yenye Manukato



Siku hizi ukipita Mbagala, Tandika, Tandale au Bunju si ajabu kukuta kikundi cha akina mama au vijana wanatengeneza mishumaa ya glasi yenye manukato. Mshumaa huu si ule mweupe mrefu tunaonunua dukani umeme ukikatika. Huu humiminwa ndani ya glasi au kopo, ukaganda humo humo, na ukiwashwa chumba kizima kinanukia. Wanunuzi wake ni wenye saluni, nyumba za wageni, watu wa harusi, na wengine wananunua kwa zawadi tu. Kunukiza nyumba si jambo geni kwetu watu wa Pwani. Udi na ubani tumevikuta kwa bibi zetu.

Kazi yenyewe ukiitazama ni rahisi: yeyusha nta, tia manukato, mimina. Basi kikundi kinachukua mkopo, kinanunua nta na glasi, kinamimina mishumaa hamsini siku ya kwanza. Wiki ya pili wateja wanairudisha. Mmoja unazimika, mwingine unatoa moshi mweusi, mwingine haunukii kabisa. Hapo pesa imeganda ndani ya glasi, na tarehe ya marejesho inakuja. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 ikarudi mwaka 2024, haina riba, lakini kurudishwa lazima irudishwe.

Tutaeleza hapa namna ya kutengeneza, na hasa mambo yanayoharibu mishumaa katika joto letu la Dar es Salaam. Chukueni kalamu na daftari, maana bila kuandika vipimo kazi hii haiendi.

VITU VINAVYOTAKIWA

Nta inayotumika zaidi ni parafini, nayo hupatikana katika maduka ya kemikali ya Kariakoo. Angalieni jina hili lisiwachanganye. Jirani zetu wa Kenya wakisema parafini wana maana ya mafuta ya taa. Sisi tunazungumzia nta ngumu, nyeupe, ya vipande au chembe. Mafuta ya taa yasiguse kazi hii hata tone moja.

Wengine huyeyusha mishumaa ya kawaida ya dukani. Inafaa kwa kujifunzia, ila nta yake ni ngumu, hujikunja sana ikipoa, na hushika manukato machache. Nta ya nyuki, kama ile itokayo Tabora, ni nzuri sana lakini bei yake kubwa, tena ina harufu yake ya asali. Afadhali kuichanganya kidogo ndani ya parafini, na baadaye tutaona faida yake.

Manukato yawe ya mafuta. Marashi ya maji hayachanganyiki na nta. Yatakaa chini, na moto ukiyafikia mshumaa utarusha cheche. Pafyumu za kupuliza zina spiriti, nayo hushika moto haraka, kwa hiyo zisitumike. Unga wa mdalasini na majani makavu navyo viacheni jikoni, kwa sababu huziba utambi au huwaka vyenyewe juu ya nta. Mafuta halisi yapo hapa hapa nchini. Pale Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, kuna kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu. Mafuta ya karafuu ni makali mno. Yakigusa ngozi huwasha, kwa hiyo vaeni glovu.

Utambi uwe wa uzi wa pamba uliosukwa, kisha uchovywe katika nta iliyoyeyuka na unyooshwe ukauke. Uzi wa nailoni hauwaki, unayeyuka. Na utambi wenye waya ndani msiununue kama hamjui ni waya gani. Marekani walipiga marufuku tambi zenye waya wa risasi mwaka 2003, kwa kuwa moshi wake una sumu.

Glasi iwe nene. Glasi nyembamba za chai hupasuka. Kopo la bati linafaa, ila likiwaka hupata moto, lazima likae juu ya kisahani. Kifuu cha nazi kinapendeza machoni, lakini kifuu ni kuni. Mimi siwashauri.

KUYEYUSHA BILA KUUNGUZA NYUMBA

Msiweke sufuria ya nta moja kwa moja juu ya moto. Chukueni sufuria kubwa, tieni maji, halafu sufuria ndogo yenye nta ikae ndani ya maji hayo. Sababu yake ni hii. Maji yakichemka hayapandi zaidi ya digrii 100, kwa hiyo na nta haitapita hapo. Nta iliyo juu ya moto wenyewe hupanda tu mpaka ikifika kama digrii 200 mvuke wake unaweza kushika moto. Ukiona nta inatoa moshi, jua imezidi, ondoa. Na maji ya sufuria kubwa yaongezwe kila yanapopungua.

Ikitokea nta imeshika moto, zima jiko na funika sufuria kwa mfuniko. Usimwage maji! Maji huzama chini ya nta, yanageuka mvuke ghafla na kurusha moto mpaka darini. Wekeni ndoo ya mchanga karibu, na moto ukishinda pigeni simu Zimamoto, namba 114. Nyumba zetu nyingi za uswahilini zina wapangaji sita au saba chini ya paa moja, na gari la zimamoto halipiti kila uchochoro. Fanyieni kazi hii uani penye hewa, watoto wakiwa mbali.

Nta ya moto ikimwagikia mtu, mwageni maji safi ya baridi juu yake kwa dakika 20. Msiibandue nta kwa nguvu, na msipake dawa ya meno wala mafuta. Kama jeraha ni kubwa, mpelekeni kituo cha afya.

VIPIMO

Tia maji ndani ya glasi mpaka pale unapotaka nta ifike, kisha yapime kwa mizani, ukiacha uzito wa glasi. Kama maji ni gramu 200, nta itakayotosha ni kama gramu 170, kwa sababu nta ni nyepesi kuliko maji. Glasi kumi zitataka nta kilo 1 na gramu 700.

Manukato yawe gramu 6 kwa kila gramu 100 za nta. Kwa glasi yetu ni gramu 10 tu. Wengi hapo ndipo wanapoharibu. Wanafikiri ukizidisha manukato mshumaa utanukia zaidi. Nta ni kama sifongo, ikishashiba haipokei tena.

Nta ikishayeyuka yote na kufika digrii 75 hivi, ondoa kwenye moto, tia manukato, koroga polepole dakika mbili kamili. Usiyatie nta ikiwa moto sana, yataruka na mvuke. Usiyatie nta ikiwa imeanza kuganda, hayatachanganyika. Kipimajoto ni kitu cha kununua mapema, msikione ni anasa. Mimina nta ikiwa kama digrii 65, ndani ya glasi kavu kabisa ambayo utambi umeshabandikwa chini na kushikwa wima katikati kwa vijiti viwili.

Halafu acha. Usiwashe siku hiyo. Mshumaa wa parafini ukae siku tatu ndipo uujaribu, maana manukato huchukua muda kutulia ndani ya nta.

MSHUMAA UNAPOTOKA JASHO

Tatizo hili ndilo linalowasumbua sana watu wa huku kwetu, na katika mafunzo ya nje hutajwa kidogo. Juu ya mshumaa unaona matone ya mafuta, kama mtu aliyepanda daladala ya Mbagala saa nane mchana. Mafunzo mengi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako chumba kina digrii 20 hivi. Dar es Salaam mwezi wa Januari na Februari mchana hupita digrii 30, na chini ya bati huzidi hapo. Nta laini ya glasi huyeyuka kwenye digrii 50 hivi. Joto la dari haliiyeyushi, lakini linailegeza, na manukato yaliyozidi yanatoka nje.

Kwa hiyo miezi ya joto punguzeni manukato mpaka gramu 5 kwa kila gramu 100. Katika kila kilo ya parafini tieni gramu 100 za nta ya nyuki, maana yenyewe huyeyuka kwenye digrii 62 mpaka 64, nayo huipa parafini uimara. Hifadhini mishumaa sakafuni penye kivuli, si juu ya kabati wala dirishani. Mkiipeleka kwa mteja, nendeni asubuhi. Na mshumaa uliotoka jasho ufutwe kwa kitambaa kabla ya kuwashwa, kwani yale mafuta ya juu yanaweza kushika moto yote kwa pamoja.

UTAMBI NDIO MWENYE MAKOSA MENGI

Ukiona mshumaa unachimba shimo katikati na nta ya pembeni inabaki nzima, utambi ni mwembamba kuliko glasi. Moto wake haufiki ukingoni. Mwishowe moto unazama kisimani humo na kuzimika. Ukiona moto mrefu unaochezacheza, moshi mweusi, glasi imeingia masizi na ncha ya utambi imeota kitu kama uyoga, basi utambi ni mnene, au haukukatwa. Kabla ya kuwasha kila mara utambi ukatwe ubaki milimita 5.

Namna ya kujua utambi unaofaa ni kujaribu. Tengeneza glasi tatu zenye nta ile ile, na tambi tatu za unene tofauti. Kwa glasi yenye upana wa sentimita 7, washa kwa saa tatu mahali pasipo upepo, ukiwepo mwenyewe. Utambi uliofaa utakuwa umeyeyusha nta mpaka ukingoni, kina cha kama sentimita 1. Andika daftarini: tarehe, nta kiasi gani, manukato gani, utambi wa nyuzi ngapi, saa tatu zimeonyesha nini. Ukibadilisha glasi, jaribu tena. Ukibadilisha manukato, jaribu tena, kwa sababu mafuta mazito huziba utambi.

Matatizo mengine ni madogo. Shimo linalotokea kando ya utambi nta ikipoa ni kwa sababu parafini hujikunja. Bakiza nta kidogo, iyeyushe, mimina mara ya pili. Nta kuachana na glasi na kuonyesha mabaka ni suala la sura tu, mshumaa unawaka sawasawa. Rangi za chakula hazichanganyiki na nta, na kalamu za rangi za watoto huziba utambi. Nunueni rangi za mishumaa.

Na hili la mchaichai kufukuza mbu, tuambizane ukweli. Harufu yake inapendeza, lakini mshumaa haumkingi mtu na malaria. Msimwambie mteja hivyo. Chandarua kibaki pale pale.

BEI

Hesabuni vyote: nta, manukato, glasi, mkaa au gesi, nauli ya Kariakoo. Tuseme kwa mfano mmetumia shilingi 30,000 kwa mishumaa 10, na miwili imeharibika. Gharama ya mmoja si shilingi 3,000, ni 30,000 gawanya kwa 8, yaani shilingi 3,750. Mkiuza 3,500 mkidhani mna faida, mnakula mtaji.

Kikundi kinachotaka kufundishwa kwa vitendo kiulize SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Kwenye kila glasi bandikeni karatasi yenye jina la kikundi na maneno haya: kata utambi, weka juu ya kisahani, usiache ukiwaka peke yake, zima ikibaki nta ya sentimita 1. Nta ikiisha kabisa, moto unakaa juu ya glasi yenyewe, na glasi hupasuka.