Kufunguliwa kwa masharti: je, kunazuia mtu kurudi gerezani?

Watu wakisikia kwamba mfungwa ametoka kabla ya kumaliza kifungo chake, wanauliza: hataiba tena? Hataua tena? Swali hilo ni la haki, hasa kwa yule aliyetendewa ubaya. Tuangalie kwanza sheria.

Katika nchi yetu, sheria ya adhabu inaruhusu mtu aliyekwisha kuhukumiwa afunguliwe kwa masharti akitimiza robo ya kifungo chake, ikiwa amekaa ndani zaidi ya miezi 3. Aliyehukumiwa maisha lazima apitishe kwanza miaka 5. Mwenye kuamua ni Waziri wa Sheria, akiisha kupata maoni ya mwendesha mashtaka na ya mkuu wa gereza. Huo si msamaha. Mtu akivunja masharti anaweza kurudishwa ndani. Anakuwa huru kabisa baada ya muda ulio mara 2 ya ule aliobakiza: aliyebakiza miaka 2, atakuwa chini ya masharti miaka 4.

Je, njia hiyo inapunguza makosa? Mwaka 2005, watafiti wa Urban Institute huko Marekani walifuatilia wafungwa waliotoka mwaka 1994. Kati ya waliotoka bila masharti yoyote, 62 kwa mia walikamatwa tena ndani ya miaka 2. Kati ya waliotoka kwa sababu tarehe yao ilifika, wakawekwa chini ya uangalizi, ni 61. Kati ya waliochaguliwa na kamati, ni 54. Hata hapo, kamati ilikuwa imechagua watu wenye hatari ndogo. Hilo lilipohesabiwa, tofauti ilipungua sana. Basi, kumwandikia mtu masharti na kumwita ofisini mara kwa mara hakumbadilishi sana.

Kinachosaidia zaidi ni watu. Mwaka 1994, katika mji wa Hamilton, Kanada, mchungaji mmoja Mmennonite na waamini wachache walimzunguka mtu aliyetoka gerezani, ambaye mji wote ulimwogopa. Walimsaidia katika maisha ya kila siku, lakini pia walimwuliza waziwazi juu ya mwenendo wake. Vikundi vya namna hiyo viliongezeka, na uchunguzi huko Kanada ulionyesha kwamba waliosindikizwa hivyo walirudia makosa kidogo kuliko wengine.

Kwetu, mwezi wa 9 mwaka 2024, wafungwa wagonjwa zaidi ya 1.600 walifunguliwa kwa masharti kutoka Makala, gereza la Kinshasa lililojengwa kwa ajili ya watu 1.500. Kupunguza msongamano kunaokoa maisha. Lakini kumtoa mtu gerezani ni kazi moja, na kumsaidia asirudi ni kazi nyingine. Asiye na dawa, kazi wala mahali pa kulala atarudi kwa rafiki zake wa zamani.

Parokia zetu nyingi hutembelea wafungwa na kuwapelekea chakula. Je, siku mlango unapofunguka, nani anamngoja nje? Na nani amekwenda kwanza kuzungumza na yule aliyeumizwa?